GPS ya elfu sita inanitoa Menengai, ya elfu hamsini na nane ni ya nini?

Mhariri,

Kwanza salamu kutoka hapa Section 58, Nakuru. Mimi si mtu wa kuandikia magazeti barua, kazi yangu ni kuuza spea za magari, na Jumamosi nikifunga duka mapema naenda kutembea vilima na wenzangu. Lakini wiki jana kuna msomaji mwenzetu aliandika hapa kwa ukurasa wako ati watu wa kupanda milima waache kusumbuka na GPS za mkononi, vile vidude vya kukuonyesha uko wapi, simu inatosha, na ati hivyo vidude ni vya wazungu na watu wa NGO. Nikasoma nikacheka, halafu nikakasirika kidogo, halafu mama watoto akaniambia si uandike basi badala ya kunipigia mimi kelele. Kwa hivyo naandika.

Nianze na simu kwa sababu hapo huyo ndugu yetu hakukosea kila kitu. Ni kweli simu iko na GPS ndani, na ni kweli pia, hii wengi hawajui, kwamba haihitaji bando wala netiwaki kujua iko wapi, inasikiliza satelaiti tu, ziko huko juu kilomita elfu 20 na kitu na hazikulipishi hata shilingi. Kinachokula bando ni ramani, na hiyo unaishusha nyumbani kwa waifai kabla hujatoka, kwa programu kama OsmAnd ama Organic Maps, inakaa ndani ya simu. Mimi mwenyewe ninayo. Na simu mpya siku hizi zinashika vizuri kabisa, pengine kushinda kidude changu.

Taabu iko kwa simu yenyewe. Mwaka wa 2022 tulikuwa watu saba, tukateremka ndani ya kreta ya Menengai tukifuata njia ya ng'ombe, simu yangu asilimia 61, nikasema hiyo ni mingi sana. Sasa huko chini netiwaki inakuja na kupotea, na simu ikikosa netiwaki inatafuta, inatafuta, inamaliza moto bila wewe kuigusa. Saa kumi mvua ikashuka. Skrini ikilowa haisikii kidole, unagusa hapa inafungua kule, nikaipangusa kwa shati, shati lenyewe limelowa, nikaweka mfukoni, kuitoa tena ni asilimia 9, halafu kimya. Za wenzangu mbili zilikuwa zimezima kitambo kwa sababu ya kupiga picha, na waliobaki hawakuwa na ramani, walikuwa na TikTok.

Mtu ambaye hajashuka Menengai anafikiri ni shimo tu, si utaona ukuta ufuate ukuta? Hilo shimo ni kilomita kama 12 kwa 8, bwana. Chini ni mawe meusi ya volkano, makali kama chupa iliyovunjika, na leleshwa zimekushinda urefu, kila kichaka kinafanana na kile ulichopita saa ile, na ukungu ukishaketi huo ukuta huuoni. Wazee walipaita Kirima kia Ngoma, kilima cha mizimu, na mama mmoja kwenye kikundi chetu akaanza kutukumbusha hizo hadithi za watu waliozunguka humo siku nzima, nikamwomba kwa heshima anyamaze kwanza. Tulitoka saa tatu usiku. Tulitoka kwa bahati, tuliangukia barabara ya murram ya hivyo visima vya mvuke, dereva wa lori akatubeba nyuma kama magunia ya viazi.

Kesho yake nikaanza kutafuta GPS ya mkononi, na hapa ndio nataka wasomaji wako wanisikilize kwa sababu nimelipa karo ya kutosha.

Duka la kwanza lilikuwa Nairobi, jina naliacha. Kijana wa pale akanitolea moja ya skrini ya kugusa, rangi zote, kamera ndani, ati elfu 58. Nikamuuliza inatumia betri gani, akageuza boksi akasoma. Nikamuuliza ikilowa hiyo skrini inasikia kidole, akasema "mzee hii ni original". Nikamuuliza kamera ya nini na simu iko na kamera, akanyamaza. Sikusema ni kifaa kibaya, kuna watu kazi yao inakitaka, lakini mimi nilikuwa nataka kitu kimoja tu, kinionyeshe nilikotoka nirudi, na kisizime kabla yangu. Elfu 58 ni injini ya pikipiki.

Nikarudi nyumbani nikaingia mtumba. Mwisho wa Julai 2023 nikapata ya kwanza kwa jamaa wa Njoro aliyewahi kufanya kazi za upimaji mashamba, eTrex ile ya njano (eTrex ni jina la GPS ndogo za kampuni ya Garmin), modeli ya mwaka wa 2000, elfu 2 na mia 5. Nikaiwasha uani, baada ya kama robo saa ikashika satelaiti, mahali ikanipa sawa kabisa, halafu nikaangalia tarehe: Desemba 2003! Kibaki hajamaliza hata mwaka Ikulu. Nikajua nimeuziwa kitu kilichokufa. Kumbe hapana. GPS huhesabu wiki, na hesabu yake ikifika wiki 1024 inaanza tena sifuri, hiyo ni kama miaka 19 na miezi saba, na mara ya mwisho kuanza upya ilikuwa tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa vya zamani ambavyo havikufanyiwa marekebisho vinabaki vikidhani tuko ule mzunguko wa nyuma. Mahali vinakupa sawa, tarehe ndio imepotea, na saa za jua kuchomoza na kuzama usiziamini. Kwa hivyo ukiona mtumba inakuambia ni 2005 au 2006 usimtukane muuzaji, lakini mpunguzie bei.

Kilichonifanya niiweke kando ile ya njano si tarehe, ni miti. Uwanja wazi kama Longonot ilikuwa sawa, lakini tulipoingia msitu wa Dundori ikawa inalia kila dakika kwamba imepoteza satelaiti. Inataka angalau nne ili ikupe mahali na urefu, na masikio ya zile za zamani ni mazito, majani yakiwa mengi juu hazisikii. Nilikuwa nimefikiria kuipeleka Kakamega nimtembelee shemeji tupande Lirhanda, nikasema hapana, kule ndani ya msitu itakuwa redio bila stesheni. Kama wewe ni mtu wa msituni, Kakamega ama Mau ama kupanda Elgon kupitia kwa ile mianzi, usinunue kitu cha kabla ya 2005 hivi hata ukipewa kwa mia tano.

Ya pili ndiyo hii niliyonayo hadi leo, eTrex 10, ilitoka 2011. Nilitumiwa na matatu kutoka Kisumu, elfu 6, na nauli ya kifurushi juu. Haina ramani ya maana, haina rangi, skrini ni ndogo, inchi 2.2, inafanana na zile simu za mulika mwizi. Inasikiliza GPS ya Marekani na GLONASS ya Urusi pamoja, kwa hivyo chini ya miti inajikaza. Inavumilia maji, kiwango chake wanasema mita moja ndani ya maji nusu saa, mimi sijaizamisha lakini imenyeshewa mpaka mimi nikahurumia begi. Inaingiza betri mbili za AA na inakaa saa 25. Saa 25! Hiyo ni Jumamosi tatu zetu.

Na hapo kwa betri ndipo mimi ninaona watu wanakosea kabisa. Mtu anataka ya kuchaji ndani kama simu, sababu ni ya kisasa. Sasa uko juu ya kilima Cherangani siku ya pili na imeisha, utaichomeka kwa mbuzi? AA unapata kwa kibanda chochote, pale karibu na sukari na kiberiti. Ila kuna AA na AA. Hizi za bei rahisi za rimoti ya tivii, zile nyepesi ukishika, zinaweza kukuacha kabla ya chakula cha mchana, nunua alkaline, imeandikwa kwa ubavu. Ama ufanye kama mimi, nunua za kuchaji za NiMH pea mbili, halafu, hii ni muhimu na hakuna aliyeniambia, uingie kwa setingi uichagulie aina ya betri, la sivyo inaonyesha karibu kuisha na bado ziko na nguvu. Miezi minne nilikuwa natupa lawama kwa betri nzuri.

Kuna jambo lingine la eTrex 10 ambalo muuzaji hakusema na mimi sikujua kuuliza. Haina dira ya ndani. Inajua unaelekea wapi ukiwa unatembea tu, inalinganisha hapa ulipo na pale ulipokuwa. Ukisimama mshale unacheza dansi. Mara ya kwanza nilisimama kwa njia panda nikageuka kama kuku aliyekatwa shingo, kila nikigeuka mshale hauniskii, mzee mmoja anachunga mbuzi akanionea huruma akaniuliza natafuta nini. Tembea hatua ishirini, utaona unatulia. Ama beba dira ya kawaida ya plastiki, haili betri.

Sasa setingi. Mhariri niwie radhi hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sisi wa huku tuko mahali pabaya sana pa kubahatisha. Ikweta inapita hapo Mogotio, na kule Maseno inapita karibu na pale kijana wangu anaposoma, anaweza kulala kusini na kunywa chai kaskazini. Ukiandika namba za mahali na ukasahau kubadilisha herufi ya kaskazini kuwa ya kusini, kifaa hakitakukataza, hata kitakuwa na furaha. Jamaa alinitumia kwa WhatsApp namba za mahali pazuri pa kupigia kambi hapo Menengai, nusu usiku nikaziingiza, asubuhi nikawasha, ikaniambia kilomita 44. Menengai naiona kwa dirisha la jikoni! Mshale ulikuwa unanipeleka Bogoria. Menengai iko kama digrii 0.2 kusini, ukiipindua inakuwa 0.2 kaskazini, na hapo ndipo Ziwa Bogoria lilipo, flamingo na maji ya moto na kila kitu. Ingekuwa mtu wa Mombasa angeona kosa haraka, angejikuta Ethiopia, lakini sisi kosa letu linatuangusha mahali ambapo pia kuna watu na barabara.

Ile nyingine nilifunzwa na shemeji, ni mwalimu wa jiografia, zile ramani za 1:50,000 ambazo kila aliyefanya KCSE anazikumbuka na maumivu yake. Tulisimama ukingoni pale juu Menengai, vyupoint, nikasoma namba, yeye akaziweka kwa ramani yake ya Survey of Kenya, tukajikuta tuko chini kwenye mteremko wa upande wa mjini. Nikasema GPS ni bovu. Akasema ngoja. Kumbe hizo ramani zetu zilichorwa kwa kipimo kinaitwa Arc 1960, na GPS ikitoka dukani inaongea WGS 84, na tofauti yao hapa kwetu ni karibu mita 300 kwenda kusini na kama 90 kwenda mashariki. Kwa karatasi ni milimita 6, huwezi kuiona ni kitu, lakini kwa ukingo wa kreta mita 300 ni hewa. Ukitumia karatasi ingia setingi, sehemu ya datamu, yaani hicho kipimo cha ramani, chagua Arc 1960, namba zinakubaliana. Ukitaka kumtumia mtu wa simu mahali ulipo, rudisha WGS 84, ama utampeleka kwa shamba la mwenyewe.

Halafu, kama hiyo haitoshi, namba za gridi, zile za mita badala ya digrii, zimegawanywa kwa zoni, na mstari wa zoni 36 na 37 ni longitudo 36, unapita hapo katikati ya Nakuru na Njoro. Ukitoka mjini uko 37M, ukifika Njoro uko 36M na namba zinaruka kutoka laki moja na kitu mpaka laki nane na kitu. Mara ya kwanza nilidhani kidude kimechanganyikiwa. Wapandaji wa Kisumu hawana hii shida, wako 36 peke yake, wapumzike.

Urefu wa mlima usiubishanie na mtu kwa kutumia GPS. Longonot ni mita 2,776, yangu ilisema 2,791, siku nyingine ikasema 2,768, ni kawaida, kwa kwenda juu hukosea zaidi kuliko kwa pembeni.

Anayetaka mpya, asipende mtumba, naelewa, basi iko eTrex SE ya 2023, ilitoka ikiwa dola 150, hiyo ni kama elfu 20 kabla ya usafiri na ushuru. Bado haina rangi na haina ramani, lakini iko na dira ya ndani, kwa hivyo mshale hauchezi dansi, na betri mbili za AA wanaandika saa 168. Hiyo ningenunua leo kama sikuwa na hii. Juu yake kuna 22x, dola 200 ilipotoka, iko na rangi na unaweza kuitia ramani za bure za OpenStreetMap, na 32x ya dola 300 ambayo inaongeza dira na kipimo cha mgandamizo wa hewa. Ramani kwa skrini ya ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, na macho yangu haya ya miaka 53, mimi sioni faida, lakini mwenye macho na pesa ajaribu.

Kwa mtumba, usikutane na muuzaji ndani ya mkahawa, itisha mtoke nje penye anga wazi, beba betri zako, mpe dakika kumi na tano ishike satelaiti, ukiona ameanza kuharakisha ondoka. Fungua nyuma utazame kama kuna ule unga wa kijani na mweupe wa betri iliyooza. Bonyeza kile kijiti cha juu pande zote nne na katikati, kikifa hicho hakuna njia ya kuingia menyu. Na uliza waya! Si waya wa simu, ni ule wa mini-USB wa kamera za zamani, mimi nilizunguka Nakuru siku mbili nikaupata kwa fundi wa redio kwa shilingi 150, amefungia nao mlango wa kabati.

Matumizi yenyewe ni mafupi mpaka naona aibu. Ukifika getini futa njia ya zamani, weka alama, iite GARI, anza kutembea. Ukichoka ama ukungu ukiingia unaiambia ikurudishe, inakupa ile mistari uliyokuja nayo, hatua kwa hatua, hata kama ni gizani. Mwaka jana mwezi wa tano tulishikwa tena mahali pale pale Menengai, ukungu ule ule, yule mama wa mizimu alikuwepo, akaanza tena hadithi, safari hii nilimwacha amalize kwa sababu tulikuwa tunatembea. Saa moja kasorobo tulikuwa kwa gari. Simu yangu ilikuwa ndani ya karatasi ya nailoni, imezimwa, asilimia 88, nikaiwasha nikampigia mama watoto aweke ugali.

Kwa huyo ndugu aliyeandika wiki jana, sina ubaya na wewe, kama uko upande huu wa Bonde la Ufa siku moja karibu tutembee, njoo na simu yako mimi nitakuja na yangu ya elfu sita. Na ile ya njano bado iko kwa droo la duka, inafanya kazi, tarehe ndio bado inasema ni zama za Kibaki. Mwalimu yeyote wa jiografia hapa Nakuru anayetaka kuwafunzia watoto nayo uwanjani nitampa bure, aje na betri zake.

Ni mimi msomaji wako,
Muuza spea, Section 58, Nakuru